Uchambuzi wa kisa: skana sita, toni mbili na moto wa miwa saa saba usiku

Kisa hiki ni cha kiwanda kimoja cha sukari katika ukanda wa miwa, magharibi mwa Kenya, kilichotaka kuwaamsha wazima moto wake usiku kwa skana, yaani redio za mkono zinazopokea tu. Nimeondoa jina la kiwanda, la kilima chenye ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena), namba za masafa na majina ya watu wote, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili jirani asiwatambue. Mimi ni fundi wa redio, makao yangu Kisumu, na ndiye niliyeitwa. Sehemu kubwa ya makosa utakayoyasoma hapa ni yangu.

Usuli

Kiwanda kina shamba lake, na nje ya shamba hilo kuna wakulima wadogo wanaokiuzia miwa. Kuanzia Desemba hadi Machi majani ya chini hukauka yakawa kama karatasi, na kichungi kimoja cha sigara kinatosha. Mchana upepo hutoka ziwani kuingia bara. Usiku hugeuka na kurudi ziwani. Moto uliowashwa jioni kwa hiyo unaweza kuelekea upande mmoja hadi watu wakajipanga, kisha ukawageukia. Hasara yenyewe haimalizwi na maji. Muwa ulioungua unatakiwa kukatwa na kufikishwa kinuni ndani ya siku moja au mbili, la sivyo sukari iliyomo inaharibika, kwa hiyo hata moto uliozimwa vizuri huvuruga ratiba ya ukataji ya wiki nzima.

Tangu Katiba ya 2010 huduma ya zimamoto ni kazi ya kaunti. Lakini gari la kaunti linatoka mjini, na barabara za kuingia mashambani ni za udongo. Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi nazo zinamtaka mwajiri awe na kikosi chake. Hapa kikosi kilikuwa na watu 14: madereva wa trekta, mafundi wa mabomba, karani mmoja, na mpishi wa kantini ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Walikuwa na mabauza mawili, matangi ya maji ya kuvutwa na trekta. Usiku walilala makwao, katika vijiji vilivyo kilomita chache kutoka lango kuu.

Mawasiliano yalikuwa redio za VHF zenye leseni, ripita moja kilimani na chaneli moja tu. Chaneli hiyo ilitumiwa na kila mtu: watu wa mizani, madereva wa malori ya miwa, walinzi, karakana. Msimu wa kusaga hainyamazi. Saa tisa usiku utasikia mtu anauliza trela lake liko wapi, na mwingine anamjibu kwa kicheko.

Usiku wa Januari

Saa saba na dakika 40 usiku mlinzi aliona mwanga katika ploti za upande wa mto. Mama wa zamu ya usiku kwenye chumba cha redio aliita kikosi mara tano. Walifika watatu. Wengine walikuwa na redio za mkono, ziko kwenye chaja, zinawaka, ila sauti imeshushwa hadi mwisho. Nani angelala na mizozo ya trela kichwani? Mmoja aliniambia bila kuficha kwamba mke wake ndiye aliyeishusha, na yeye alishukuru.

Ploti tatu ziliungua. Hakuna aliyeumia. Wiki iliyofuata nikaitwa.

Uamuzi wa kwanza: kwa nini skana

Simu ilijadiliwa kwanza, kama ilivyostahili. Zilipigwa hesabu: kupigia watu 14 mmoja mmoja ni dakika nyingi, simu nyingi usiku huwa kimya au zimezimwa kuokoa chaji, na vijiji viwili viko nyuma ya kilima ambako mtandao huja na kwenda. Kundi la WhatsApp lilikuwepo tayari. Ujumbe wa usiku ule wa Januari ulisomwa saa kumi na mbili asubuhi.

Ndipo mhandisi mmoja akaleta sanduku. Kijana wake anaishi Marekani na ni mzima moto wa kujitolea huko, na alikuwa amemtumia skana sita za mkono, zilizotumika lakini nzima. Kule wazima moto wengi ni wa kujitolea na hulala kwao, na njia ya kuwaamsha ni ya miaka mingi: kituo kinarusha toni mbili zinazofuatana kwenye masafa ya kawaida, ya kwanza kwa sekunde moja, ya pili kwa sekunde tatu, kisha sauti ya mtu ikisema moto uko wapi. Kifaa cha nyumbani kinasikiliza masafa hayo saa zote bila kutoa hata mkwaruzo. Kikisikia jozi yake ya toni, kinalia na kufungua spika. Kisiposikia, kimya. Sekunde tatu za toni safi hazitoki kinywani mwa mtu anayeongea, ndiyo sababu mizozo ya trela haiwezi kukiamsha.

Hicho ndicho tulichohitaji. Hatukununua pagi, vifaa vidogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu sanduku lilikuwa mezani tayari na bajeti haikuwa mezani. Sababu si nzuri, lakini ndiyo ya kweli.

Kabla ya kufungua menyu niliomba kuona karatasi za leseni. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka kifaa cha redio na masafa viwe na kibali, na skana ni kifaa cha kushawishi: siku ya kwanza tu mtu aliuliza kama ingeweza kusikiliza polisi. Nilikataa. Tuliweka masafa ya kiwanda peke yake, na kiwanda kikaziingiza skana kwenye orodha ya vifaa vyake kilipoandikia Mamlaka ya Mawasiliano.

Kupanga skana

Kazi hii, ambayo wote waliidhani ndiyo ngumu, ilichukua dakika kumi kwa kila moja. Kwenye menyu kuna sehemu iliyoandikwa Fire Tone-Out. Unaweka masafa ambayo ripita inarushia, si yale ambayo redio za mkono zinarushia kwenda kwa ripita. Ukikosea hapo utasikia tu majirani wa karibu. Unachagua FM nyembamba ikiwa chaneli ni ya kHz 12.5. Unaandika toni A, unaandika toni B, unachagua mlio wa kengele na ukubwa wake, kisha muda wa spika kubaki wazi baada ya kengele. Halafu unaiingiza kwenye hali ya kusubiri. Ikiwa humo, haizunguki chaneli nyingine. Imekaa mlangoni pamoja na masafa yako tu.

Ukiacha toni A na B zote kwenye sifuri, skana inageuka kuwa kipimo: inakuonyesha kwenye kioo toni inazozisikia, kwa Hz. Kumbuka jambo hilo, ndilo lililotuokoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uchaguzi wa toni. Kuna jedwali la siku nyingi la toni hizi, na mimi nikachukua mbili za mwanzo kabisa kwenye kundi la kwanza, 349.0 na 368.5, kwa sababu moja tu: ndizo zilizokuwa juu ya orodha. Toni nzito na zilizokaribiana. Hakuna aliyenishauri hivyo na sikuwaza.

Siku ya simu na maiki

Skana zinapokea tu. Toni lazima zitoke kwenye chumba cha redio, na chumba hakikuwa na kifaa cha kuzitoa. Nikatengeneza faili ya sauti kwenye kompyuta, sekunde moja ya A na tatu za B, nikaiweka kwenye simu ya mama wa zamu. Mpango: abonyeze kitufe cha maiki ya redio ya mezani, aisogeze simu karibu, acheze faili.

Alijaribu. Kwenye meza ya pili skana ilikaa kimya kama jiwe. Akajaribu tena akiwa amesogeza simu hadi ikagusa maiki. Kimya. Mara ya tano akaniangalia juu ya miwani.

"Fundi, hii kitu yako inalia kama friji inataka kufa. Labda skana inaogopa."

Nikaweka toni zote mbili sifuri nisome kioo. Alipocheza faili, badala ya 349.0 niliona 1047. Tukarudia: 1046.8. Nilikaa nikiitazama namba ile kwa muda kabla ya kuigawanya kwa tatu. Spika ya simu, kipande kidogo kama ukucha, haina nguvu ya kutoa toni nzito kama ile. Ikilazimishwa kwa sauti ya juu inakwaruza, na mkwaruzo huo unazaa toni mara tatu ya ile uliyoitaka. Sikio letu lilisikia "toni". Skana ilisikia kitu kingine kabisa, na ilikuwa na haki.

Hapo ndipo nilipobadilisha mambo mawili. Toni tukazihamishia kundi la pili, 669.9 na 928.1, zilizo mbali moja na mwenzake. Na simu ikaondolewa. Nilijenga kisanduku kidogo cha kutoa toni, chenye kitufe kimoja chekundu chini ya kifuniko, nikakiunganisha kwa waya kwenye soketi ya nyuma ya redio ya mezani. Kinashika redio chenyewe, kinatoa toni, kinaachia. Hakuna hewa katikati, hakuna kelele za jenereta, hakuna mkono unaotetemeka.

Ripita inayomeza

Ndani ya ua, redio ya mezani ikirusha moja kwa moja, skana zote sita zililia kila mara. Tulipopitisha kwenye ripita, katika majaribio kumi zililia sita. Si skana moja kushindwa. Zote pamoja, au zinalia au hazilii. Hilo peke yake lilikuwa jibu, kama ningelisikiliza: kosa lililo la wote haliko nyumbani kwa mmoja. Badala yake nilipoteza siku mbili nikipanda mapaa kufunga nyaya za antena, nusu mita ya shaba iliyosimamishwa kwenye ufito. Antena zilisaidia nyumba mbili za nyuma ya kilima na nazishukuru, lakini hazikuwa dawa ya ugonjwa huu.

Mwishowe nilirekodi kinachotoka kwenye ripita na kukifungua kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kutazama na kuhariri sauti. Toni B ilikuwa kamili. Toni A, niliyoirusha kwa sekunde moja, ilionekana pale kwa sekunde 0.6, na mara nyingine chini ya hapo. Ripita hufunguliwa na toni nyingine, ile ya chini isiyosikika inayorushwa na kila redio ya kiwanda. Lazima kwanza iitambue, kisha iwashe mtambo wake wa kurushia. Muda huo wote kisanduku changu kilikuwa kimeshaanza kuimba mbele ya mlango uliofungwa. Skana zikipata A iliyokatwa kichwa, ziliikataa.

Dawa: kisanduku kishike redio, kinyamaze sekunde nzima, ndipo kianze A. Mstari mmoja wa programu. Majaribio ishirini yaliyofuata, ishirini yalilia.

Moto wa Machi

Saa nane na dakika 14 usiku, mlinzi yule yule, upande mwingine wa shamba. Mama wa zamu akainua kifuniko na kubonyeza.

Skana tano zililia. Kwa kuwa zilikuwa sita tu na watu 14, tulikuwa tumezigawa kwa vijiji, kila mwenye skana akiwa na jukumu la kumgongea mmoja au wawili milangoni. Trekta la kwanza lenye bauza lilitoka langoni baada ya dakika 11. Watu 11 kati ya 14 walifika kabla ya upepo kugeuka, na moto ulikatwa kwenye barabara ya katikati ya ploti. Iliungua ploti moja na robo ya nyingine.

Lakini trekta hilo lilipotoka langoni lilikwenda kushoto, na moto ulikuwa kulia. Baada ya toni, mama wa zamu alisema, "Moto, moto, kikosi," akanyamaza kutafuta namba ya ploti kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Mimi nilikuwa nimeweka spika zibaki wazi kwa sekunde chache tu baada ya kila kimya, nikidhani nawahurumia wenye nyumba. Alipoipata namba na kuisema, skana nne zilikuwa zimeshajifunga. Watu waliamka wakijua kuna moto na wasijue wapi.

Na skana ya sita? Ilikuwa inawaka, ina betri, iko mahali pake juu ya kabati. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa amegundua kwamba hupokea FM za kawaida, akasikiliza mpira Jumapili, akamaliza, akashusha sauti na kuirudisha kabatini kwa heshima. Ilikaa siku tatu kwenye stesheni ya muziki huku familia nzima ikiamini inalindwa.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa ni wazo lenyewe, yaani kuwatenganisha watu na kelele bila kuwatenganisha na habari. Nilipowauliza baadaye, ukimtoa yule kijana wa mpira, hakuna aliyekuwa ameshusha sauti ya skana, kwa sababu hakukuwa na sauti ya kushusha. Kugawa skana kwa vijiji nako kulikuwa na akili kuliko nilivyodhani. Wazo hilo lilitoka kwa mpishi, si kwangu.

Kisanduku chenye kitufe kimoja kilistahili gharama yake. Mtu aliyeshtuka hapaswi kutafuta faili kwenye simu.

Kosa la toni, la simu na la ripita yanafanana: nilijaribu kila kipande peke yake na kukiita kizima. Skana ilikuwa nzima. Faili ilikuwa nzima. Ripita ilikuwa nzima kwa miaka. Njia nzima, kutoka kidole cha mama wa zamu hadi kabati la nyumba ya mwisho, haikuwahi kujaribiwa usiku wowote kabla ya moto. Ningeanza na rekodi ya Audacity siku ya kwanza, nisingepanda paa hata moja.

Kosa la sekunde za spika ni la aina nyingine, na ndilo linaloniuma zaidi. Nilipanga kifaa kwa mtu anayesoma tangazo lililoandikwa. Mtu halisi husita. Sasa spika hubaki wazi bila kikomo hadi mwenyewe abonyeze, na utaratibu wa chumba cha redio umegeuzwa: tafuta namba ya ploti kwanza, kisha kitufe, kisha iseme mara mbili. Sekunde kumi zinazopotea kwenye ramani ni bei nafuu.

Kuhusu skana ya kabati, wengi walitaka kumlaumu kijana. Mimi sikuona hivyo. Skana iliyo tayari iko kimya. Iliyoharibika iko kimya. Iliyo kwenye muziki na sauti imeshushwa iko kimya. Kwa mwenye nyumba hizo tatu ni kitu kimoja. Kufunga vitufe kwa menyu kulisaidia kidogo, ila mtoto aliyepata FM atapata pia njia ya kufungua vitufe.

Tulibishana sana kuhusu majaribio. Meneja wa usalama alitaka jozi tofauti ya toni kwa jaribio, ili watu wasikurupuke. Nikakataa kwa sababu ambayo kwangu ni wazi: jaribio la jozi nyingine linathibitisha kwamba jozi nyingine inafanya kazi. Idara nyingi za zimamoto Marekani hurusha toni zile zile za kweli kila siku, saa ile ile, na watu huzoea. Tulikubaliana Jumamosi, saa mbili usiku kamili, toni zenyewe, na baada yake mama wa zamu anasema "jaribio" na kusubiri kila nyumba ijibu kwa redio ya mkono. Asiyejibu anatembelewa kesho yake.

Hali ilivyo sasa

Skana bado ni sita. Kiwanda kimeahidi pagi, na ahadi za msimu wa kusaga tunazijua. Umeme ukikatika, adapta hazina maana, kwa hiyo kila skana ina betri ndani saa zote na seti ya akiba kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira.

Jumamosi iliyopita nyumba ya nne haikujibu. Nilifika Jumapili baada ya kanisa. Skana ilikuwa kabatini, imezimika, na betri zake, pamoja na zile za akiba, zilikuwa kwenye tochi ya bibi.